Shahidi wa Ludd: Jinsi Mgeni Alivyofanywa Msimamizi wa Uingereza

Katika mwezi wa Februari wa mwaka 303, Kaizari Diocletian, ambaye kwa miaka mingi ya enzi yake alikuwa amewaacha Wakristo wakae raha mustarehe katika miji ya dola ya Roma, alitoa fermani katika mji wa Nikomedia ya kwamba makanisa yabomolewe, vitabu vitakatifu vitiwe moto, na kila muumini mwenye cheo avuliwe cheo chake. Eusebius, mwanahistoria aliyeishi zama zile zile, anasimulia kwamba mara fermani hiyo ilipobandikwa hadharani, mtu mmoja wa daraja ya juu alikwenda akaibandua, akairarua vipande vipande machoni pa watu, naye akakamatwa, akateswa, akafa bila ya kutetereka. Jina la mtu huyo Eusebius hakulitaja. Waumini wa karne zilizofuata, ambao nyoyo zao hazikukubali kwamba shujaa wa namna hiyo akae bila ya jina, walilitia jina wenyewe, wakasema kuwa ndiye George. Na tangu hapo ikawa desturi ya watu kumpa George kila kilichokosa mwenyewe.

Ukiyaondoa yale yote aliyopewa, yanayobaki ni machache mno. Palikuwa na Mkristo aliyeheshimiwa kwa kufia dini yake. Heshima hiyo ilikuwa na makao yake katika mji wa Ludd, huko Palestina, ambapo mahujaji wa karne ya 6 walikuwa tayari wakilizuru kaburi lake. Na siku ya kumkumbuka ilikuwa tarehe 23 Aprili. Inasemwa kuwa alikuwa askari, na kuwa nasaba yake ilitoka Kapadokia. Kitabu cha mateso yake, kilichoenea mapema katika nchi za mashariki, kilieleza kwamba aliteswa kwa muda wa miaka saba, akauawa na kufufuka mara tatu kabla ya kufa kifo chake cha mwisho, na mambo hayo yalikuwa mazito hata kwa masikio ya watu wa zama zile, kwani hati moja ya kale inayonasibishwa kwa Papa Gelasius inakitia kitabu hicho katika orodha ya vile visivyostahili kuaminiwa, pasipo kumkana shahidi mwenyewe. Kanisa, kwa maneno mengine, lilimpokea mtu likaikataa hadithi yake.

Lakini hadithi haikukataliwa na watu. Ilivuka hata mipaka ya dini: At-Tabari, mwanazuoni mkubwa wa tarehe aliyefariki Baghdad mwaka 923, aliiandika habari ya Jirjis, mja mwema aliyemkabili mfalme mwabudu masanamu katika mji wa Mosul, akauawa mara kwa mara na kuhuishwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na katika nchi ya Sham watu wa vijijini, Waislamu kwa Wakristo, wamezoea kumchanganya na Khidhri, yule mja wa Mungu ambaye habari zake hata watu wa pwani yetu wanazijua. Na lile joka ambalo leo haliwezi kutengwa na picha yake halikuwamo kabisa katika masimulizi ya mwanzo. Lilipata umaarufu katika nchi za magharibi kwa kalamu ya mtawa wa Kiitalia, Jacobus de Voragine, aliyekusanya visa vya watakatifu katika karne ya 13, akaeleza jinsi George alivyofika katika mji wa Silene, nchi ya Libya, akamkuta binti wa mfalme akingojea kuliwa na joka, akamwokoa. Kwa hiyo shahidi alikuwa amekwisha kufa takriban miaka elfu moja ndipo mchana huo mashuhuri wa ushujaa ulipoenea katika maisha yake.

Habari zake zilifika katika kisiwa cha Waingereza mapema, kwa njia ya vitabu. Adomnán, mkuu wa watawa wa kisiwa cha Iona aliyefariki mwaka 704, alizisikia kutoka kwa askofu mmoja aliyezuru nchi takatifu, akaziandika. Bede akamtaja katika orodha yake ya mashahidi. Na Ælfric, mwandishi wa Kiingereza cha kale, akatunga maisha yake katika miaka ya karibu na mwaka 1000. Hata hivyo, katika wote hao hakuna hata mmoja aliyefikiri kuwa mtu huyu wa mbali angekuwa na jambo lolote la pekee na taifa lao. Alikuwa shahidi mmoja katika mlolongo mrefu wa mashahidi, akasomewa sala siku yake ilipofika, na kesho yake akasahauliwa. Na kwa nini isiwe hivyo, ilhali Waingereza walikuwa na shahidi wao wenyewe, mzalia wa nchi, tena mfalme?

Shahidi huyo alikuwa Edmund, mfalme wa East Anglia, aliyeuawa tarehe 20 Novemba 869 na jeshi la Wadenmaki waliokuja kwa merikebu kuiteka nchi. Habari yake iliandikwa baada ya miaka zaidi ya 100 na Abbo wa Fleury, mtawa wa Kifaransa aliyekuwa mgeni huko Uingereza, naye hakuiandika bila ya kutaja alikoipata: alisema kuwa aliipokea kwa Askofu Mkuu Dunstan, na kuwa Dunstan katika ujana wake aliisikia kwa mzee mmoja mbele ya mfalme Athelstan, na kuwa mzee huyo alikuwa ndiye mchukuzi wa silaha za Edmund mwenyewe. Ni isnadi fupi yenye watu watatu tu, ambayo George hakuwa nayo hata nusu yake. Abbo anasimulia kwamba Edmund alikataa kutawala chini ya mpagani, akafungwa kwenye mti, akapigwa mishale hata mwili wake ukajaa miiba kama wa nungunungu, kisha akakatwa kichwa. Na kwamba kichwa hicho kilipotupwa msituni kilikuwa kikiwaita wenye kukitafuta, nacho kikilindwa na mbwamwitu baina ya miguu yake.

Mwenye kutaka ushahidi ulio mgumu kuliko hadithi ya mbwamwitu atautazama katika peni ndogo za fedha zinazohifadhiwa hivi leo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza. Ni sarafu nyembamba, zimechorwa herufi A katikati, na pembezoni zimezungushiwa jina la Mtakatifu Edmund mfalme. Zilipigwa kabla ya karne ya 9 kwisha, au mara tu baada yake, katika nchi ile ile iliyokuwa chini ya Wadenmaki. Yaani watoto wa wale waliomwua, kabla hakijapita kizazi na nusu, walikuwa wakinunua na kuuza kwa fedha yenye jina lake. Mwaka 1020 Mfalme Cnut, naye Mdenmaki, aliweka watawa wa kulilinda kaburi lake, na nyumba yao ya Bury St Edmunds ikawa miongoni mwa zilizo tajiri kabisa katika ufalme wote.

Shahidi wa pili wa nyumbani alipatikana miaka mia tatu baadaye. Jioni ya tarehe 29 Desemba 1170, askari wanne wa Mfalme Henry wa Pili waliingia katika kanisa kuu la Canterbury wakamwua Askofu Mkuu Thomas Becket kwa panga, kwa kuwa alikuwa ameshindana na mfalme wao juu ya haki za Kanisa na mahakama zake. Papa alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1173, jambo la haraka sana, na mwaka uliofuata mfalme mwenyewe, ambaye ulimwengu wote wa Kikristo ulimtupia lawama ya damu ile, alikwenda Canterbury kwa miguu mitupu, akapiga magoti mbele ya kaburi, akachapwa viboko na watawa. Mahujaji walimiminika huko kutoka kila pembe ya Ulaya. Ikiwa msimamizi wa taifa huchaguliwa kwa wingi wa machozi na nyayo za wenye kumzuru, basi Uingereza ilikuwa imekwisha kumpata wake.

Akaongezeka wa tatu, ambaye hakuwa shahidi lakini alikuwa wa damu ya kifalme: Edward aliyepewa lakabu ya Muungamishi, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1066 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1161. Henry wa Tatu alimpenda mno, akalijenga upya kanisa la Westminster kuanzia mwaka 1245 ili liwe mahali pa kumtukuza, na mwanawe mrithi akampa jina lake. Hali ya mambo katikati ya karne ya 13 ilikuwa hivyo: Waingereza walikuwa na mfalme shahidi, na askofu shahidi, na mfalme mcha Mungu, wote makaburi yao yamo nchini, na mwenye kuja kuwapita alikuwa bado ni jina katika kalenda.

Njia yake ilifunguliwa na vita. Mwezi Juni mwaka 1098, majeshi ya Vita vya Msalaba yaliyokuwa yamezingirwa ndani ya Antiokia yalitoka nje ya kuta yakashinda pasipo kutarajiwa, na askari waliorudi walisimulia kwamba walikuwa wameona kikosi cha wapanda farasi weupe kikishuka vilimani kuwasaidia, na viongozi wake wakiwa George, Demetrius na Mercurius. Hapo shahidi aliyejulikana kwa kuvumilia mateso akageuka kuwa shahidi wa kupiga wengine, na sifa hiyo ya pili ndiyo iliyomfaa kila mfalme. Hadithi ipendwayo husema kwamba Mfalme Richard, aliyeitwa Moyo wa Simba, alimwona George katika vita vyake na Sultani Salahuddin, akamchagua palepale kuwa msimamizi wa Waingereza na kuutwaa msalaba wake mwekundu. Ukweli wa tarehe hauikubali hadithi hiyo. Mwezi Januari mwaka 1188, wafalme wa Ufaransa na Uingereza walipokutana kupanga safari hiyo, walipatana kuwa Wafaransa wavae msalaba mwekundu, Waingereza mweupe, na watu wa Flanders kijani. Na Richard alipofika karibu na Ludd mwaka 1191, kanisa la George lilikuwa limekwisha kubomolewa kwa amri ya Salahuddin, ili lisiwe ngome kwa adui.

Mwenye kustahili sifa hiyo ni Edward wa Kwanza, yule yule aliyepewa jina la Muungamishi na baba yake. Ujana wake aliupitisha kwa sehemu katika vita vya Palestina, na alipokuwa mfalme akawaongoza watu wake kuipiga Wales mwaka 1277, daftari za matumizi ya jeshi lake zinaonyesha kitambaa kikinunuliwa na kushonwa alama za msalaba wa George za kufungwa mikononi mwa askari wa miguu. Hapakuwa na maono wala muujiza. Palikuwa na fundi cherehani wa zama zile, sindano na uzi, na karani wa kuandika malipo. Askari wa miguu waliokusanywa kutoka wilaya mbalimbali, kila mmoja na lahaja yake na bwana wake, walihitaji dalili moja ya kuwajulisha nani mwenzao na nani adui, na msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe huonekana kwa mbali. Mwaka 1300, jeshi la mfalme huyo lilipoizingira ngome ya Caerlaverock huko Uskochi, bendera za watakatifu zilizopepea zilikuwa tatu: ya Edmund, ya Edward, na ya George. Mgeni alikuwa amepata kiti barazani, lakini bado alikikalia pamoja na wenyeji.

Mjukuu wake, Edward wa Tatu, ndiye aliyewasogeza wenyeji pembeni. Mfalme huyu alikuwa akidai kiti cha enzi cha Ufaransa, na alihitaji kuwafunga mabwana wakubwa wa nchi yake kwake mwenyewe kwa kamba ya fahari, baada ya baba yake kupinduliwa na mabwana hao hao. Mnamo mwaka 1348, mwaka ule ule ambao tauni kubwa ilifika katika bandari za Uingereza, aliunda jamii ya mashujaa 26, yeye na mwanawe mrithi wakiwamo, iliyoitwa Garter, akaiweka chini ya himaya ya George, na makao yake akayafanya katika kanisa dogo la ngome ya Windsor. Kanisa hilo lilikuwa tangu zamani ni la Edward Muungamishi. Sasa jina la George likatangulia, na haukupita muda mrefu ila watu walilijua kwa jina la George tu. Mwandishi Thomas Walsingham anasimulia kwamba katika mapigano ya Calais, usiku wa kuamkia mwaka 1350, mfalme alichomoa upanga akapiga ukelele wa kuwaita kwa pamoja Mtakatifu Edward na Mtakatifu George. Koo lake lilikuwa bado linawataja wote wawili, jambo linaloonyesha kuwa kugeuka kwa heshima hizi kulikwenda polepole, hata ndani ya moyo wa yule mwenye kukugeuza.

Alipokuja Richard wa Pili, mambo yalikuwa yamekwisha kuwa sheria. Mwaka 1385, jeshi lake lilipokuwa Durham likijiandaa kuingia Uskochi, ilitolewa amri ya kwamba kila mtu, awe wa cheo gani, avae alama kubwa ya msalaba wa George mbele na nyuma, na kwamba adui atakayekamatwa akiwa ameivaa alama hiyo kwa hila auawe. Kwa nafsi yake Richard alimpenda zaidi Edward Muungamishi, na mapenzi hayo yanaonekana hata leo katika picha ndogo ya mbao zenye kukunjana kama kitabu, iitwayo Wilton Diptych, iliyochorwa katika miaka ya mwisho ya utawala wake na kuhifadhiwa katika jumba la picha la taifa mjini London. Upande mmoja mfalme amepiga magoti, na nyuma yake wamesimama Edmund akishika mshale wa kifo chake, Edward akishika pete, na Yohana Mbatizaji akimkumbatia mwanakondoo. Upande wa pili yupo Bikira Maria katikati ya malaika waliovaa nguo za buluu, na malaika mmoja ameshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu. Mafundi walipoisafisha picha hiyo katika miaka ya 1990 waligundua kwamba ile tufe ndogo iliyo juu ya mlingoti, ambayo upana wake haufiki hata ukucha wa kidole gumba, imechorwa ndani yake kisiwa cha kijani chenye ngome nyeupe, na merikebu ikipita baharini. Watakatifu wa ukoo wa mfalme ndio waliosimama naye. George hakuchorwa hata sura, lakini nchi nzima imewekwa juu ya bendera inayofanana na yake.

Hitimisho lilikuja baada ya ushindi wa Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, ambapo jeshi la Henry wa Tano, lililochoka kwa njaa na maradhi, liliwavunja Wafaransa waliokuwa wengi kuliko wao. Mfalme alipoingia London mwezi uliofuata alikuta daraja la mji limepambwa, na juu yake sanamu ya George aliyevaa deraya na taji la majani ya ushindi. Mwanzoni mwa mwaka 1416 Askofu Mkuu Henry Chichele aliamuru kwamba sikukuu ya George iadhimishwe kwa daraja ya juu katika jimbo lote la Canterbury, watu waache kazi zao na kwenda kanisani, kwa sababu yeye ndiye msimamizi na mlinzi wa pekee wa taifa la Waingereza; na mwezi Mei mwaka huo Sigismund, aliyekuwa mfalme wa Wajerumani, alikuja Windsor kuingizwa katika jamii ya Garter, akaleta tunu iliyosemwa kuwa ni moyo wa shahidi mwenyewe. Ilikuwa zaidi ya miaka 1,100 tangu fermani ya Nikomedia.

Swali linalobaki ni kwa nini Edmund na Thomas walishindwa, nao walikuwa na makaburi, na miujiza, na mapenzi ya watu. Jawabu, kwa rai yangu, limo katika mambo hayo hayo. Mtakatifu mwenye kaburi ana wenye kaburi lake, na watawa wa Bury walikuwa na mali, na haki, na kesi zisizokwisha baina yao na majirani zao. Aliyemtaka Edmund alilazimika kupita mlangoni kwao. Tena altare ya mtakatifu huyo iliwahi kutumiwa kinyume cha kiti cha enzi, kwani mwandishi Roger wa Wendover anaeleza kwamba mwaka 1214 mabwana wa nchi walikutana Bury kwa kisingizio cha ziara, wakaapa mbele ya altare kwamba wangempiga vita Mfalme John asipowapa haki zao, na mwaka uliofuata John akalazimika kuitia muhuri Magna Carta. Ama Becket, yeye alikuwa ni hukumu iliyosimama juu ya kila mfalme: kumtukuza ni kukumbusha kwamba mfalme aliwahi kumwaga damu na kuchapwa viboko. Na Edward Muungamishi alikuwa mtu wa amani ambaye hakuacha mtoto, na kufa kwake ndiko kulikoifungulia mlango fitina ya mwaka 1066 ya kugombea kiti cha enzi.

George hakuwa na lolote la hayo. Hakuwa na watawa wa kumdai, wala jimbo la kumwonea kijicho jingine, wala ukoo wenye madai, wala kisasi na mfalme yeyote wa Uingereza. Waliomtesa walikuwa wapagani waliokwisha kutoweka. Mfalme angeweza kumtwaa bila ya kumwomba mtu ruhusa, na fundi wa mji angeweza kumtwaa vile vile. Kwa hakika walimtwaa: vyama vya wafanyabiashara na mafundi vya jina lake vilienea mijini, na kile cha Norwich, kilichoanzishwa mwaka 1385, kilipata hati ya Henry wa Tano mwaka 1417 na baadaye kikashikamana na serikali yenyewe ya mji, hata ikawa kila mwaka George hupita barabarani juu ya farasi, amevaa deraya, akipigana na joka la mbao na turubai mbele ya wake kwa watoto. Kukosa kwake kujulikana ndiko kulikomfanya awe wa wote.

Yakaja Matengenezo ya Kanisa, na watakatifu wakatiwa mizanini upya. Mwaka 1538 Henry wa Nane aliamuru kaburi la Becket livunjwe, johari zake zichukuliwe kwa hazina, na jina lake lifutwe katika vitabu vya sala, kwani mfalme aliyejitangaza kuwa mkuu wa Kanisa hakuweza kumvumilia askofu aliyekufa kwa kumpinga mfalme. Mwaka uliofuata nyumba ya Bury nayo ikafungwa. George akasalimika. Mwana wa Henry, Edward wa Sita, aliyelelewa katika itikadi ya Kiprotestanti na kutawala akiwa mtoto, anasimuliwa kuwa aliwauliza wakubwa wa Garter, siku ya sikukuu yenyewe, huyu George wanayemwadhimisha ni mtakatifu gani. Na mmoja wao alipojibu kwa kukisimulia kisa cha joka, akasema kuwa George alichomoa upanga wake akalichoma joka kwa mkuki, mfalme alicheka, akataka kujua ule upanga uliochomolewa ulifanya kazi gani wakati huo. Mzee hakuwa na jawabu. Mfalme mdogo alijaribu kumwondoa George katika kanuni za Garter, lakini dada yake Mary alipomrithi mwaka 1553 alimrudisha, na mrithi wao Elizabeth, ingawa Mprotestanti, hakuona faida ya kumfukuza tena. Kule Norwich, mwaka 1559, wakuu wa chama walikata shauri kwamba katika maandamano asiwepo tena George wala Margaret, mtakatifu mwenzake, ila joka lije kama ilivyo ada kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Na joka hilo likaendelea kutembea katika njia za mji hadi karne ya 19.

Baada ya hapo msalaba ulikuwa umekwisha kujitenga na mtu. Mwaka 1606, James wa Uskochi alipokuwa amezishika falme mbili, msalaba wa George uliunganishwa na wa Andrea kuwa bendera moja ya merikebu, na mwaka 1801 ukaongezwa ule unaonasibishwa kwa Patrick wa Ireland. Bendera hiyo ndiyo iliyokuja katika pwani yetu kwa manowari na kwa mikataba, ikapandishwa katika miji ambayo watu wake walikuwa wakimjua Khidhri kabla ya kusikia habari za Windsor. Ikateremshwa Dar es Salaam kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na Nairobi kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Wengi waliosimama chini yake shuleni, wakaiimbia na kuipigia saluti, hawakuambiwa kwamba ule msalaba mwekundu wa katikati ni wa mtu wa Palestina, aliyeuawa kwa kukataa kuitii amri ya dola iliyojiona kuwa haina kifani. Wahabeshi walikuwa na mapatano yao naye: tarehe 1 Machi 1896, siku yake katika kalenda ya Kanisa lao, walilishinda jeshi la Italia huko Adwa, na tabot ya kanisa lake, yaani ule ubao mtakatifu wa altare, ilikuwa uwanjani pamoja na Mfalme Menelik. Shahidi mmoja aliweza kusimama upande wa mtawala katika nchi moja na upande wa mwenye kukataa kutawaliwa katika nyingine.

Jirani zetu wa Uganda wana mashahidi wa namna nyingine. Vijana wa baraza la Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana, waliouawa baina ya mwaka 1885 na 1887, na wengi wao kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wanajulikana kwa majina, kwa koo, na kwa kazi walizofanya ikuluni. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kati yao kuwa watakatifu mwaka 1964, na tarehe 3 Juni imekuwa siku ya mapumziko ya taifa zima. Hao hawakuchaguliwa na mfalme, kwa maana mfalme ndiye aliyewaua. Wamefanana na Becket kuliko George, na tofauti ni kwamba mahali pao hapajatokea Henry wa Nane.

Basi tunaposoma tarehe za mataifa na kukuta shujaa au mtakatifu amewekwa juu ya bendera na sarafu, tusiishie kuuliza alitenda nini. Tuulize pia ni nani aliyemchagua, katika mwaka gani, na ni nani aliyesogezwa ili yeye apate nafasi. Kwa habari ya George jawabu linajulikana: askari walimhitaji kwa alama, wafalme walimtaka kwa kuwa hakuwa na madai juu yao, na Edmund, ambaye damu yake ilimwagika katika ardhi ya Uingereza yenyewe, alisogezwa. Tarehe 23 Aprili, pamoja na yote hayo, haimo katika siku za mapumziko rasmi za Uingereza.